Tajiri hataki kusikia habari za usajili wa kemikali, nianzie wapi?

Gambuti_Jeusi (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni. Ni afisa usalama kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu, mkoa wa Geita. Kampuni siitaji, msinilazimishe. Tunachenjua marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza) kwenye matangi, kisha kaboni iliyonasa dhahabu inaenda ilusheni, yaani kuoshwa dhahabu itoke, humo humo ndani ya uzio.

Hali ilivyo: stoo ni moja. Mapipa ya sayanaidi, sumu ya kuyeyushia dhahabu, yako kushoto, madumu ya asidi kulia, katikati inapita toroli tu. Dumu moja linavuja kwenye kifuniko na sakafu chini yake imelika mpaka kokoto zinaonekana. Mvua ikikaza maji yanaingia chini ya mlango. Cheti cha usajili wa kemikali cha Mkemia Mkuu kilichobandikwa ofisini kina jina la mmiliki aliyeuza mtambo. Wanaochanganya sayanaidi ni vibarua wa kutwa, glavu zao ni zile za kufulia. Hakuna aliyewahi kupimwa afya.

Nilipomfuata meneja akaniambia, "Hapa watu wanakula ugali wao na hakuna aliyekufa. Wewe umeletwa faili lijae, siyo kufunga mtambo." Akacheka, akanipa soda.

Nataka sheria ifuatwe ila sitaki kibarua kiote nyasi. Nina watoto na mkataba wangu bado mchanga. Nianzie wapi?

Kokoto_Moto

Sepa mapema. Hao siku likibumbuluka watasema afisa usalama alikuwepo na alisaini.

Mzee_wa_Maabara

Binti yangu, kabla ya barua wala ofisi yoyote, shughulikia hiyo stoo. Kesho asubuhi, siyo Jumatatu. Asidi ikikutana na sayanaidi inatoka gesi ya haidrojeni sayanaidi, na hiyo haikupi muda wa kutafuta funguo za gari. Wengine wanasema utaisikia kwa harufu ya lozi chungu. Msiitegemee pua, kuna watu wamezaliwa hawawezi kuinusa harufu hiyo kabisa.

Hamisha asidi, usihamishe sayanaidi. Madumu ni rahisi kubeba na hata kibanda cha mabati chenye sakafu nzuri, mbali na pale, kinatosha kwa kuanzia. Hilo linalovuja litolewe la kwanza, na anayelibeba avae miwani, glavu za mpira mzito na aproni, asipite nalo katikati ya mapipa. Sayanaidi ibaki pakavu, juu ya mapaleti, penye hewa, chini ya kufuli, maana hata unyevu peke yake unaichokoza ikatoa gesi. Na angalia mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa mlangoni. Kama ni wa kaboni dayoksaidi, utoe. Gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi, ndiyo hiyo hiyo tunayoikimbia.

Halafu chokaa, hiyo ndiyo inayozuia matangi yasigeuke asidi. Nani anapima pH (kipimo cha uasidi) ya matangi zamu ya usiku? Inatakiwa ikae 10.5 hivi au zaidi. Chokaa ikiisha saa nane usiku na kibarua akaendelea kumwaga sayanaidi, gesi inapanda hapo hapo alipoinama.

Mwisho, wafundishe watu hili hata kama meneja hataki: mwenzao akianguka karibu na tangi, wasimkimbilie wakiwa hawana kifaa cha kupumulia, na asiwepo wa kumpulizia mdomo kwa mdomo. Kwenye ajali za namna hii mwokoaji huwa maiti ya pili.

Gambuti_Jeusi

Shikamoo mzee. Usiku pH haipimwi. Kuna daftari, ila zamu ya mchana ndiyo inayojaza safu zote mbili.

Mzee_wa_Maabara

Marahaba. Basi lipige picha hilo daftari.

Sheria_Kiganjani

Dada, nikupangie nani ni nani, maana watu wengi hupeleka lalamiko ofisi isiyo yake halafu wanasema serikali imelala.

Usajili wa kemikali ni wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003. Ukiwa Geita, ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Glavu, kupimwa afya na vibarua kutojua wanachoshika ni mambo ya OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, nayo ya 2003. Maji machafu na bwawa la mabaki ni NEMC, baraza la mazingira. Na kwa sababu ni uchenjuaji, Afisa Madini Mkazi naye ana mkono wake.

Sasa jambo la kukuuma. Umesema mkataba bado mchanga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 35, haimpi kinga ya kuachishwa isivyo halali mtu ambaye hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo. Ukishaivuka na wakakutimua, una siku 30 tu za kufungua mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa hiyo hesabu tarehe zako kabla hujapaza sauti.

Kokoto_Moto

Ndiyo maana nikasema asepe.

Sheria_Kiganjani

Akisepa, vibarua wanabaki na nani? Sijamwambia anyamaze, nimemwambia aandike. Mdomo hauna nakala.

Mchenjuaji_Huru

Mimi ni mwenye mtambo, mdogo kuliko huo. Niwaambie ukweli kutoka upande wa pili: tajiri haogopi faini. Faini tunaiweka kwenye bajeti pamoja na dizeli. Tunachoogopa ni kukosa mzigo. Sayanaidi haizalishwi dukani kwa Mangi, inatoka kwa msambazaji mwenye usajili, na msambazaji anayejali usajili wake hataki kuonekana anamuuzia mtu mwenye karatasi za jina la mwingine. Siku wakaguzi wakifuata vitabu vya msambazaji wataukuta mtambo wenu. Msambazaji akifunga mkono, matangi yanakaa na mchanga, na umeme unalipwa vile vile.

Kwa hiyo usimwendee na "sheria inasema". Mwendee na "bosi, mzigo ujao unaweza kukwama kwa sababu cheti siyo chetu". Atakusikiliza. Usajili ukianza, ghala litakaguliwa tu, na hapo hoja ya asidi kukaa na sayanaidi hutaisema wewe, ataisema mkaguzi.

Na meneja siyo mmiliki. Mara nyingi meneja ndiye anayebana ili aonekane amebana matumizi.

Bint_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Someni kesi ya Owino Uhuru huku kwetu, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu katikati ya makazi ya watu. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, ikapinduliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Na lawama haikuishia kwa kampuni, taasisi za serikali nazo zilibebeshwa. Phyllis Omido, aliyeanzisha hiyo vita, alikuwa mwajiriwa wa humo humo. Mwonyeshe bosi wako hizo bilioni.

Mchenjuaji_Huru

Atasema hiyo ni Kenya. Nawajua wenzangu.

Gambuti_Jeusi

Nashukuru wote. Kuna kitu sikukiandika mwanzo. Mapipa matupu ya sayanaidi yanauzwa getini. Walinzi wanayasuuza mara moja kwa maji ya bomba, akina mama wanayanunua ya kuhifadhia maji. Jana nimemwona mmoja kajitwisha, kibandiko cha fuvu kimegeukia nyuma, mtoto anatembea nyuma yake anakiangalia.

Mzee_wa_Maabara

Hilo lisilale. Pipa tupu linasuuzwa mara tatu, maji yake yanarudishwa kwenye tangi la mchakato, siyo mtaroni, kisha linatobolewa na kupondwa lisifae kitu. Tafuta patasi na nyundo, hilo halina bajeti. Na yaliyokwisha kuuzwa lazima yafuatwe, mwenyekiti wa mtaa aambiwe.

Mama_Wawili

Na walinzi walipwe kitu kidogo, la sivyo watayauza usiku. Hiyo hela ya mapipa ndiyo nauli yao.

Gambuti_Jeusi

Leo asidi imehama, meneja alikuwa safarini. Mapipa 11 tumeyatoboa. Barua nimeandika hivi, nirekebishieni:

"Kwa heshima, naomba kukukumbusha kuwa hali ya stoo siyo nzuri na usajili wetu una changamoto. Tafadhali tuangalie namna ya kuboresha."

Sheria_Kiganjani

Hiyo ni kadi ya harusi. Ondoa "changamoto". Andika: cheti kilichopo kina jina la fulani, tumenunua mtambo tarehe fulani, usajili kwa jina letu haujaombwa. Andika tarehe uliyomwambia meneja kwa mdomo na alivyojibu. Andika mapipa yaliyouzwa getini na nani aliyeruhusu. Pendekeza tarehe ya kwenda Mwanza kuomba usajili, na useme utakwenda wewe. Ielekeze kwa mmiliki, nakala kwa meneja, uitume kwa barua pepe yako binafsi pia.

Mchenjuaji_Huru

Na ya mzigo kukwama iweke aya ya kwanza. Ya pili hasomi.