Wikendi ndefu na mama, pwani ya Mediterania: Barcelona, Napoli au Marseille?

Chumbageni
Wadau, habari zenu. Mama yupo kwangu huku Köln, amekuja kutoka Tanga kututembelea. Mwisho wa Septemba nina mapumziko mafupi, Alhamisi hadi Jumapili, nataka nimpeleke mji wa bahari akaburudike. Umri umesogea na magoti yanamsumbua: penye tambarare anatembea vizuri, ngazi ndizo zinazomshinda. Chakula lazima kiwe halali. Nimebaki na Barcelona, Napoli na Marseille. Mke wangu yeye anataka Alexandria. Mngekuwa ninyi mngekwenda wapi?

Bint Raskazone
Kaka, kabla ya Alexandria fungua pasi ya mama uisome viza. Ikiwa ni ya kuingia mara moja, akishatoka Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwenda Misri hawezi kurudi nayo Ujerumani, hata kama siku zake hazijaisha. Pale penye idadi ya kuingia pameandikwa 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi. Mji wenyewe ni mzuri sana, na ngome ya Qaitbay imesimama palepale ulipokuwa mnara wa taa wa kale. Lakini kwa viza ya 01, Alexandria haimo.

Mpiga Kasia
Barcelona, bila kusita. Eneo la Eixample ni tambarare na njia za miguu ni pana, na vituo vingi vya metro vina lifti. Kanisa la Sagrada Família peke yake linatosha kuwa sababu ya safari. Ujenzi ulianza 1882, msanifu Gaudí akaushika mwaka uliofuata, yeye alifariki 1926 na kazi ikaendelea. Mpeleke alasiri, jua likishaanza kuteremka. Vioo vya upande wa magharibi ni vya rangi ya chungwa na nyekundu, na mwanga ule unatambaa kwenye nguzo mpaka watu wote mle ndani wananyamaza. Nunueni tiketi mtandaoni mapema, zina saa yake na huisha. Ila tiketi ya minarani usimkatie mama: kupanda ni kwa lifti, kushuka ni kwa ngazi nyembamba za kuzunguka. Park Güell iko kilimani, iacheni. Pale barabara ya La Rambla mkoba akae nao mbele, vibaka ni wengi.

Mla Pweza
Mpiga Kasia, kanisa sikatai, hilo halina mfano. Lakini mtu mzima mwenye magoti mabovu atakwenda kusongamana na watu kutwa nzima. Wenyeji wenyewe wamechoka, 2024 waliandamana kupinga wingi wa watalii. Septemba nako hakujatulia bado.

Mama Tumu
Mimi naipenda Napoli kuliko mji wowote wa bahari niliowahi kuuona. Pizza margherita ya pale, nyanya, jibini na majani ya rehani basi, na bei haiumizi. Hata hivyo, mwanangu, kwa mama yako sikushauri. Vichochoro ni vya mawe, pikipiki zinapita katikati ya watu. Treni ya Circumvesuviana ya kwenda Pompeii, kwenye magofu ya mji wa Kirumi, hujaa, anaweza kusimama njia nzima. Pompeii kwenyewe barabara ni mawe makubwa yaliyolika kwa magurudumu ya mikokoteni ya zama zile. Ipo njia iliyotengenezwa kwa wasioweza kupanda, lakini ni ndefu na kivuli ni haba. Nenda Napoli wewe na mkeo.

Mkazi wa Lyon
Marseille, tena kwa sababu ya mama mwenyewe. Mtu wa Tanga atafurahia zaidi mji unaoishi na bahari kuliko majengo ya kutazama.

Asubuhi mpelekeni Vieux-Port, bandari ya zamani, wavuvi wanapouza. Samaki wamo kwenye masinia ya maji juu ya meza, wengine bado wanapiga mkia, pweza wanajikunja, na muuzaji anapima huku anabishana bei na wateja wake wa kila siku. Mama hatahitaji mkalimani pale. Kisha pandeni kivuko kidogo kinachokatiza bandari, ni dakika chache tu, atoke ng'ambo ya pili.

Ukizunguka bandari unafika Mucem, makumbusho yaliyofunguliwa 2013, kuta zake ni zege lililotobolewa kama wavu. Paa lake halina kiingilio, na kutoka juu kuna daraja la miguu mpaka ngome ya Saint-Jean, bahari ikiwa chini yenu. Kanisa la Notre-Dame de la Garde liko kileleni, basi namba 60 linapanda kutoka Vieux-Port. Juu bado kuna ngazi; asipoziweza, hata pale basi linaposhusha anauona mji na visiwa vya Frioul.

Chakula: mtaa wa Noailles, hatua chache kutoka bandarini. Bucha na mikahawa ya halali imejaa. Halafu Marseille ina Wangazija wengi kuliko mji mwingine wowote wa Ulaya. Akisikia Kingazija sokoni maneno mengi atayatambua, na wapo wazee wanaokijua Kiswahili vizuri. Kwa mama aliyekaa wiki nyingi bila mtu wa kumwamkia, hilo ni jambo kubwa.

Chumbageni
Ahsanteni sana. Viza nimeitazama, ni 01, kwa hiyo Misri imetoka. Nimeelemea Marseille. Mkazi wa Lyon, hoteli upande gani? Na boti ya kwenda Château d'If ataiweza?

Mkazi wa Lyon
Hoteli iwe bandarini kabisa, hata kama ni ghali kidogo. Usikubali ya karibu na kituo cha Saint-Charles kwa sababu ya bei: ngazi za mbele ya kituo ni 104. Basi la uwanja wa ndege linashusha hapohapo, kwa hiyo chukueni teksi mpaka hotelini. If ni ngome, ndani ni ngazi na mawe, mruke. Panda naye boti ya Frioul, akae tu aangalie maji. Lakini tazama utabiri wa upepo kwanza. Mistral ikivuma kwa nguvu boti hupunguzwa au kusimamishwa, na baridi yake ni kali hata jua likiwaka. Koti la mama lisibaki Köln.