Mrejesho: miezi sita ya mlo wa Mediterania baada ya kukoma hedhi

Habari zenu wapendwa. Mimi ndiye niliyeuliza kama mlo wa mafuta ya zeituni, samaki na dengu ungeshusha lehemu (kolesteroli) yangu, iliyopanda baada ya hedhi kukoma nikiwa na miaka 52. Asanteni wote, hata aliyenikemea kwa kuogopa mafuta.

Lehemu mbaya (LDL) imeshuka kutoka 4.3 hadi 3.7 mmol/L. Daktari alinieleza kuwa estrojeni ikipungua, ini huiondoa lehemu hiyo polepole, ndiyo maana ilipanda ingawa sikuwa nimebadili chakula. Aliutaja utafiti wa PREDIMED wa Hispania, uliotoka 2013 na kuchapishwa upya 2018 baada ya marekebisho. Walikuwa watu zaidi ya 7,000, na kwa waliokula hivi, mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vyake vilipungua kwa karibu asilimia 30 kuliko kwa walioshauriwa kupunguza mafuta.

Uzito? Umepungua kilo mbili tu. Mwanzoni nilikosea, nikawa naongeza zeituni juu ya siagi badala ya kuiacha siagi. Joto la ghafla usiku bado linanitoa kitandani, huko sijaona nafuu. Divai, ambayo wengine huihesabu katika mlo huu, sijaigusa; sikuwa mnywaji, nianze sasa kwa lipi?