Video ya zawadi imeisha, mchezaji hapati uhai: kosa liko wapi?

Swali
Salaam wakuu. Gemu ni la Android, limejengwa kwa Unity (programu ya kutengenezea gemu), matangazo ya AdMob (huduma ya matangazo ya Google). Mchezaji akimaliza video ya zawadi, mara uhai hauongezeki, mara gemu linaganda. Pia akicheza muda mrefu bila kufa, akija kubonyeza kitufe cha video hakitokei kitu. Na lile tangazo la skrini nzima likae wapi lisifukuze watu?

Jibu 1
Kuganda huko kunanuka thredi, yaani njia ambamo msimbo unatekelezwa. Matukio ya tangazo (taarifa kama limefunguka au limefungwa) huweza kuja nje ya thredi kuu ya Unity, na msimbo ukigusa maandishi au vitufe vya skrini kutokea huko, unakatika katikati. Mistari iliyobaki haifanyi kazi, na uhai unapotea hapo hapo. Andika MobileAds.RaiseAdEventsOnUnityMainThread = true kabla ya Initialize, amri ya kuwasha AdMob. Halafu hifadhi idadi ya uhai kwanza, mapambo ya skrini baadaye.

Zawadi itolewe ndani ya kitendakazi (kipande cha msimbo) unachokipa Show(), amri ya kuonyesha tangazo. Ukiiweka kwenye tukio la tangazo kufungwa, hata aliyetoroka video katikati atalipwa.

Chunguza na Time.timeScale, kasi ya muda ndani ya gemu. Wengi huiweka 0 kabla ya tangazo na kuirudisha 1 likifungwa tu. Tangazo likishindwa kufunguka, halina cha kufunga, kwa hiyo muda unabaki umesimama. Irudishe pia kwenye OnAdFullScreenContentFailed, tukio la tangazo kushindwa kufunguka.

Jibu 2
Kitufe kilichokufa ni habari ya muda. Tangazo lililopakiwa AdMob huisha nguvu baada ya saa 1. Hifadhi saa ulipolipakia. Zikipita dakika 55, lifute kwa Destroy() upakie jingine. Tena kila tangazo ni la kuonyeshwa mara moja, hivyo likifungwa tu agiza linalofuata. CanShowAd(), inayouliza kama tangazo liko tayari, ikirudisha hapana, ficha kitufe kabisa, maana kitufe kinachodanganya kinaudhi kuliko kisichokuwepo.

Upakiaji ukishindwa, usiagize tena papo hapo ndani ya tukio la kushindwa: huo ni mzunguko wa kula betri na bando la mtu. Subiri sekunde 2, kisha 4, 8, hadi 64.

Wakati wa majaribio tumia kitengo cha tangazo cha Google cha majaribio (namba inayoleta matangazo ya kujaribia tu), kwa video ya zawadi ni ca-app-pub-3940256099942544/5224354917. Kubofya matangazo yako halisi ni njia fupi ya kufungiwa akaunti.

Jibu 3
La skrini nzima liweke baada ya hatua kuisha na alama kuonekana. Tangu 30 Septemba 2022 Google Play hairuhusu lijitokeze hatua inapoanza, wala lisilofungika baada ya sekunde 15. Video ya zawadi haimo humo kwa kuwa mchezaji ameiomba mwenyewe.

Lipakie hatua ikiwa bado inachezwa. Likichelewa, litachomoza kidole kikiwa kinashuka kwenye "Endelea", na mibofyo ya bahati mbaya Google huihesabu kuwa si halali.

Muulizaji
Asanteni. Na tangazo la bango (lile la ukanda mdogo) chini, karibu na kitufe cha kuruka?

Jibu 3
Hapana mkuu, ni mtego ule ule wa mibofyo ya bahati mbaya. Lipeleke kwenye menyu, au juu ya skrini mbali na vidole.