Espreso ya nyumbani: pesa iende kwenye mashine ya espreso au mashine ya kusagia?

Mnywaji
Wakuu habari. Nataka kuanza kutengeneza espreso nyumbani, ila bajeti ni moja na haiongezeki. Napima njia tatu:
1. Mashine nzuri ya pampu, kahawa ninunue iliyosagwa tayari.
2. Mashine ya espreso ya kawaida, pamoja na mashine ya kusagia.
3. Ile ya wenzo isiyotumia umeme, unakandamiza mwenyewe, pamoja na mashine nzuri ya kusagia ya mkono.

Halafu buni: arabika tupu au iliyochanganywa na robusta? Asubuhi nakunywa kavu, jioni naweka maziwa.

Msagaji
Namba moja futa kabisa mkuu. Espreso ni maji ya nyuzi 90 hadi 96 yanayosukumwa kupita kwenye kahawa kwa presha ya baa 9 hivi, yaani karibu mara tisa ya presha ya hewa tunayovuta. Kinachoyazuia yasipite mbio ni ile kahawa yenyewe ilivyosagwa. Ilainishe kidogo tu na kikombe kilichotoka kwa sekunde 15 kitachukua 30. Ukinunua iliyosagwa, umemwachia mtu mwingine usukani, na wala hajui una mashine gani.

Zile za visu vinavyozunguka usiziguse. Zinakatakata hovyo, unapata vumbi na chenga pamoja: vumbi linatoa uchungu, chenga zinatoa uchachu, vyote kwenye kikombe kimoja. Chukua yenye meno ya kusagia, ya koni au ya bapa vyovyote, mradi iweze kurekebishwa kidogo kidogo sana. Nyingi zinazosaga vizuri kahawa ya kuchuja zinashindwa hapo, maana zinaruka kutoka laini mno hadi nene mno.

Mama_Buni
Msagaji usimtishe mwenzio. Mashine nyingi za bei ya chini zinakuja na kichujio cha kuta mbili, chenye tundu moja dogo chini linalotengeneza presha lenyewe. Hicho kinapokea hata kahawa iliyosagwa tayari. Lile povu la juu ya espreso utalipata, ingawa ni povu la kulazimisha. Kikombe cha maziwa kitapita bila shida. Kile cha asubuhi ndicho kitakusema.

Na maandishi ya "baa 15" kwenye boksi yasikubabaishe, hiyo ni nguvu ya mwisho ya pampu. Haimaanishi kahawa itakuwa tamu zaidi.

Wenzo
Mimi ni wa namba 3, na sioni kwa nini watu wanaidharau. Lile povu la espreso lilianza na mashine za wenzo za Gaggia kule Italia miaka ya 1940. Pampu ya umeme ilipata umaarufu baadaye, na mashine ya Faema E61 ya mwaka 1961. Kwa pesa ileile, hulipii boila wala pampu, kwa hiyo nyingi inaingia kwenye kusaga. Pia presha unaisikia mkononi: ikiwa kahawa ni nene mno, wenzo unashuka bila upinzani.

Ubaya wake: haina mvuke wa maziwa, lazima uipashe moto kwanza la sivyo kahawa inatoka chachu, na wageni wanne wakija utatoka jasho.

Chungu_Tamu
Kwani birika la moka, lile dogo la kuweka jikoni juu ya moto, lina kosa gani? Kampuni ya Bialetti wanalo tangu 1933.

Wenzo
Halina kosa lolote, ila presha yake ni baa 1 au 2. Ni kahawa kali na nzuri, espreso siyo.

Mnywaji
Nimeanza kuegemea 3. Maziwa nitayatoa povu kwa kile kifaa kidogo cha betri. Bado buni.

Mama_Buni
Kabla ya aina, angalia tarehe ya kukaangwa. Pakiti yenye tarehe ya mwisho wa matumizi peke yake mimi naiacha. Iliyotoka kukaangwa jana nayo ina gesi nyingi, maji yanapita ovyo; ipe wiki moja hadi mbili. Ukinunua nyingi, igawe kwenye vifuko visivyopitisha hewa, uigandishe.

Robusta ina kafeni karibu mara mbili ya arabika, povu lake zito, na inasikika hata ndani ya maziwa. Ikiwa hafifu inaleta ladha ya mti. Kwa kuwa unakunywa vyote viwili, ningeanza na mchanganyiko wenye robusta kidogo, uliokaangwa wastani. Iliyokaangwa kidogo tu, yenye ladha za matunda, iache kwanza. Ni ngumu kuitoa ladha: inataka maji ya moto zaidi na kusagwa laini zaidi, na ukikosea kidogo ni ndimu tupu.

Msagaji
Naafiki, hasa hapo kwenye kukaangwa kidogo. Pa kuanzia ni gramu 18 za kahawa, utoe gramu 36 kikombeni kwa sekunde 25 hadi 30, kama kichujio chako kinaingiza 18. Ikiwa chachu, saga laini zaidi. Ikiwa chungu na inakausha ulimi, saga nene. Usibadilishe vitu viwili kwa mpigo.

Mnywaji
Gramu napimaje, kijiko hakitoshi?

Msagaji
Hakitoshi. Toa kwenye bajeti hiyohiyo mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, na uhakikishe inaenea chini ya wenzo pamoja na kikombe.