Mbwa: kumwachia kijana nyumbani au kumpeleka kituoni? Nasafiri Krismasi

Mrombo wa Goba:
Wakuu, habarini za jioni. Mwaka huu lazima niende nyumbani Rombo. Mwaka jana sikwenda, mzee akaninunia mpaka Pasaka. Tunaondoka familia nzima, kasheshe ni mbwa. Nina njia mbili. Kuna kijana hapa mtaani anataka laki moja, atamlisha asubuhi na jioni na usiku atalala kwenye kibanda cha mlinzi. Na kuna kituo kimoja upande wa Mbezi kinalaza mbwa, wanataka elfu 20 kwa siku, chakula juu yao. Waliowahi kufanya, ipi ina nafuu? Nawasilisha.

Fundi Nati:
Siku ngapi? Mbwa mmoja au kumi? Mkubwa au mtoto? Kachanjwa? Umeandika kama dalali anayeuza kiwanja bila kutaja ukubwa.

Kobe Mzee:
Hahaha Fundi umemaliza. Na picha aweke.

Mrombo wa Goba:
Samahanini wakuu. Mbwa ni mmoja, anaitwa Chui, jemani shepadi, miezi 11. Tunaondoka tarehe 20 Desemba, tunarudi tarehe 5 Januari. Chanjo ya kichaa alichomwa, kadi mama watoto anasema iko kwenye droo. Picha naweka baadaye, bando limekata.

Fundi Nati:
Usiku 16 mara elfu 20 ni laki tatu na ishirini. Hapo una mbuzi wawili wazuri wa kuchinja huko Rombo na mzee anakusamehe hata mwaka juzi. Mpe kijana laki yake, mambo yaishe.

Mama Nusu Ekari:
Mrombo mwanangu, kabla hujamsikiliza Fundi nisikilize mimi.

Miaka miwili iliyopita tulikwenda Songea kwenye msiba, ukaunganika na sikukuu, tukakaa wiki mbili na nusu. Nilikuwa na mbwa wangu Simba, koko tu wa kawaida lakini mlinzi hasa. Nikamwachia kijana wa mtaani, mtoto wa mwalimu, kanisani anaimba kwaya. Nikaacha nusu gunia la dona, dagaa debe moja, na elfu 30 ya utumbo na vichwa vya samaki. Tukakubaliana kila siku anitumie picha.

Picha zikawa zinakuja. Simba amekaa, Simba amesimama, Simba anakula. Mimi roho kwatu. Siku ya tano binti yangu, alikuwa na miaka tisa, akachukua simu akaniuliza, "Mama, mbona hilo shuka halianuliwi?" Nikatazama vizuri. Nyuma ya mbwa, kwenye kamba, kuna shuka la mistari ya bluu, kona moja imejikunja kwa juu. Picha ya Jumatatu lipo, ya Jumatano lipo, ya Ijumaa lipo na kona imejikunja vilevile. Na chini yake ndoo nyekundu imelala ubavu, haijainuliwa siku tano. Jamani, alimpiga mbwa picha zote siku moja, akawa ananigawia moja moja kama dozi!

Nikampigia jirani achungulie ukutani. Geti limefungwa kwa kufuli, mbwa hayupo. Kumbe kijana alipata kibarua Bagamoyo, Simba akamkabidhi rafiki yake mwenye gereji. Tulimkuta nyuma ya gereji kwa mnyororo wa futi tatu, shingo imechubuka, maji anakunywa kwenye kopo la oili. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Daktari akasema homa ya kupe, fizi zimeshakuwa nyeupe. Sindano, dripu, siku nne. Alipona, lakini nilitumia zaidi ya hiyo laki tatu mnayoilia.

Na yule kijana mpaka leo tukikutana ananiambia "Shikamoo mama" kwa sauti nzuri kabisa. Namwitikia marahaba, nitafanyaje.

Kobe Mzee:
Ananigawia moja moja kama dozi 😂😂 Mama pole sana lakini nimecheka.

Kaka wa Kibaha:
Mama pole. Ila kosa hapo si kumwacha mbwa nyumbani, kosa ni mtu. Mimi mwaka wa nne huu mbwa wangu wawili wanabaki kwao. Namleta mtoto wa dada yangu, chuo kimefungwa, analala NDANI ya nyumba si kibandani, ana luninga, ana friji, kwake ni likizo. Nusu ya hela nampa siku ya kuondoka, nusu nikirudi. Picha sitaki. Napiga simu ya video saa yoyote nikijisikia, nasema nioneshe bakuli la maji. Na nyumba inakuwa na mtu. Ukimpeleka mbwa kituoni, nyumba inabaki na nani? Desemba hiyo wezi wanajua Wachagga wote wameondoka mjini.

Mrombo wa Goba:
Kaka, hili la nyumba sikuwa nimeliwaza kabisa. Mlinzi naye anakwenda kwao tarehe 23.

Fundi Nati:
Eeh! Kwa hiyo kibanda cha mlinzi hakina mlinzi. Wewe bwana habari unazitoa kwa mafungu.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Vijana, nimefanya kazi hii miaka mingi, niseme machache.

Kituo si kibaya kikiwa kituo kweli. Nenda mwenyewe bila miadi. Pua yako ndiyo mkaguzi wa kwanza. Tazama sakafu kama ni saruji yenye mteremko, maji ya kuoshea yanakwenda wapi, kila mbwa ana chumba chake au wanachanganywa. Halafu ngoja uone kama watakuuliza kadi ya chanjo. Wasipoiuliza, geuza gari, maana hata wale wengine waliomo humo hawakuulizwa.

Na kadi yenyewe, kichaa peke yake haitoshi. Mbwa wako awe na ile ya mchanganyiko, yenye distempa na pavo, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa. Virusi vya pavo vinakaa kwenye udongo miezi na miezi, huvioni, mbwa aliyevileta kaondoka zamani. Na bado kuna kikohozi cha mabandani, mbwa wakibanana wanaambukizana kama watoto wa chekechea na mafua. Leo ni tarehe 6. Kama hana mchanganyiko nenda kesho, kinga inataka kama wiki mbili hivi, ukingoja tarehe 18 umechoma hela.

Akibaki nyumbani, usisahau mkesha wa mwaka mpya. Fataki za saa sita usiku zinawavunja moyo mbwa. Nimeshona wengi tarehe 1 Januari walioruka ukuta wenye vipande vya chupa. Usiku ule awe ndani, mtu awe naye, redio iwe juu.

Mwisho, hujasema. Ni dume au jike?

Mswahili wa Hamburg:
Huku Ujerumani mbwa analipiwa kodi manispaa kila mwaka, na mbwa mkubwa akipanda treni anakatiwa tiketi. Unasafiri naye, mnakaa wote, habari za kituo huna. Bongo tujifunze.

Kobe Mzee:
Tujifunze kulipa kodi ya mbwa? Mkuu kaa hukohuko.

Fundi Nati:
Mimi basi la kwenda Mwanza nilipakia kuku tu, kondakta alinitazama kama nimebeba maiti. Sasa umwambie kuna jemani shepadi na tiketi yake.

Bint Kiungani:
Mrombo, asalaam aleikum. Nina neno dogo. Huyo kijana umemuuliza dini yake? Si kwa ubaya. Mimi jirani yangu aliniomba nimtazamie mbwa siku tatu. Nikakubali kumwagia chakula na maji kwa kata yenye mpini mrefu, ila kumshika na kumfungua mnyororo hapana. Kwetu mate ya mbwa yakikupata unaosha mara saba, moja kwa udongo. Jirani alielewa, tukapanga vizuri, mbwa akala. Lakini wapo vijana wanaona haya kusema, wanaitikia kwa sababu ya hela, kisha bakuli haliguswi wiki nzima. Muulize mapema, usimtie mtu majaribuni.

Na mwenye paka asimpeleke popote. Paka anapenda mahali kuliko mtu. Mwachie kwake, mtu apite kumwekea samaki na kubadilisha mchanga, yeye ataendelea na dharau zake kama kawaida.

Kaka wa Kibaha:
Wa aleikum salaam dada. Hili la kumuuliza mapema ni kweli kabisa.

Mwenda Tezi:
Wakuu mimi najiuliza tu. Laki tatu kwa mbwa, na hapa kuna watu ada ya Januari hawajui itatoka wapi. Mbwa zamani alikuwa anakula makoko ya ugali na analinda. Siku hizi ana chumba chake.

Mama Nusu Ekari:
Mwenda Tezi, hela ni ya kwake na mbwa ni wa kwake. Uzi wa ada upo, fungua.

Mwenda Tezi:
Sawa mama, shikamoo.

Mama Nusu Ekari:
Marahaba.

Mrombo wa Goba:
Bwana Mifugo shikamoo mzee. Ni jike. Hili nalo sikuwa nimesema, tangu juzi anadondosha damu kidogo kidogo, mama watoto anapiga deki mara tatu kwa siku. Ina shida?

Fundi Nati:
Aaaah! Mrombo!

Kobe Mzee:
Nimevuta kiti. Nipo paleee.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Marahaba. Kijana wangu, hilo ndilo lilitakiwa kuwa neno la kwanza kwenye uzi huu.

Mbwa wako yuko kwenye joto. Kwa kawaida inachukua wiki tatu hivi. Ukihesabu toka tarehe 4 unafika tarehe 25, na wengine wanazidisha. Damu ikipungua usidhani imekwisha, hapo ndipo anapowakubali madume. Kwa hiyo tarehe 20 unaweza kumkabidhi akiwa bado anapandika. Kituo kinachojiheshimu kitamkataa au kitamtenga. Kisichojiheshimu kitapokea hela yako, na baada ya siku 63 hivi utahesabu watoto.

Nyumbani nako si salama. Madume yananusa kutoka mbali, yatalala nje ya geti lako wiki nzima. Huyo kijana ajue hilo, maana atakayefungua geti dakika moja kwenda dukani kununua vocha ndiye atakayekuzalishia. Kumfunga kizazi kunawezekana, ila si sasa akiwa kwenye joto, damu inakuwa nyingi. Ngoja miezi miwili mitatu.

Kaka wa Kibaha:
Kwa hiyo mzee, abaki au aende?

Bwana Mifugo Mstaafu:
Inategemea ukuta wake una urefu gani.

Mrombo wa Goba:
Ukuta upande wa nyuma haujaisha. Kozi nne. Kuna mabati.

Fundi Nati:
Nilijua. Mabati. Nilijua tu.

Mama Nusu Ekari:
Mrombo, mpigie huyo mpwa wa Kaka wa Kibaha kama ana mwenzake chuoni. Hata kwa laki mbili. Chui alale ndani na mtu mpaka joto liishe.

Kaka wa Kibaha:
Namuulizia mama. Ila wanafunzi wa siku hizi wanataka na intaneti.

Mrombo wa Goba:
Intaneti ipo. Jumamosi nakwenda kukiona kituo, nitauliza kama wana chumba cha kumtenga. Kesho chanjo. Kadi tumeipata, haikuwa kwenye droo, ilikuwa ndani ya Biblia. Bando limerudi, picha hiyo hapo.

Kobe Mzee:
Mbwa mzuri. Ila mkuu, mbona masikio yamelala?

Fundi Nati:
Nami naona. Jemani wa miezi 11 masikio yanatakiwa yawe yamesimama kitambo. Huyo uliuziwa chotara.

Mrombo wa Goba:
Mama yake nilimwona kwa macho, masikio wima kabisa.

Fundi Nati:
Na baba yake?

Mrombo wa Goba:
Baba waliniambia alikuwa amesafiri.

Kobe Mzee:
Alipelekwa kituoni 😂

Mswahili wa Hamburg:
Huku jemani anayeuzwa kama wa ukoo safi ana karatasi mpaka za babu yake. Huyo ni koko mwenye makoti mazuri.

Mama Nusu Ekari:
Koko ana ubaya gani? Simba wangu alikuwa koko.

Bwana Mifugo Mstaafu:
Masikio yanaweza kulala hata kwa jemani halisi, kama yaliumia au lishe ilikuwa duni akiwa mdogo. Msimhukumu mbwa kwa picha moja.

Fundi Nati:
Mzee, kwa heshima zote, hayo masikio ni ya Manzese.

Mama Nusu Ekari (9 Januari):
Mrombo, mmerudi salama? Uliishia kwa mwanafunzi au kituoni? Chui hajambo?

Kaka wa Kibaha (11 Januari):
Mpwa wangu anasema hakupigiwa simu.

Mgeni Mpya (2 Machi):
Habari wakuu, natafuta mtoto wa jemani shepadi, jike au dume. Huyu wa Goba tayari ameshazaa? Anauza bei gani?