Briketi za vifuu kwenda Sohar: barua ya maabara haikubaliki tena?

Wakala_Kurasini:
Wakuu, habari za kazi. Mteja ana briketi za vifuu vya nazi, kontena moja la futi 20 kutoka Dar kwenda Sohar, Oman, maboksi ya kilo 10. Siku zote mzigo wake ulipita kama bidhaa ya kawaida kwa barua ya maabara kwamba mkaa umefaulu kipimo cha kujipasha moto. Safari hii kampuni ya meli imegoma kupokea bukingi hadi ipate tamko la bidhaa hatarishi. Barua haijamaliza hata mwaka. Hii ni sheria au ni masharti yao tu? Na kontena linapangwaje?

Nahodha wa Nchi Kavu:
Ni sheria, mkuu. Barua hiyo iweke kabatini. Toleo la 42-24 la Kanuni za IMDG (kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatarishi kwa meli) limekuwa la lazima tangu tarehe 1 Januari 2026, na limefuta msamaha uliokuwa ukiupa mkaa njia ya kutoka kwa kufaulu kipimo. Sasa mkaa wote wa mimea kwa meli ni UN 1361 (namba ya kimataifa ya bidhaa hatarishi), daraja 4.2 (vitu vinavyoweza kujiwasha vyenyewe), kundi la ufungashaji III (hatari ndogo), na unafuata sharti maalumu namba 978.

Msamaha umefutwa kwa sababu kipimo kile hupima mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ndani ya oveni ya nyuzi 140 kwa saa 24. Mkaa mpya hunyonya oksijeni na kutoa joto. Kwenye kipande kidogo joto hutoroka, kwenye rundo la kontena zima halina pa kwenda, linajilimbikiza na moto unaanzia katikati. Kwa hiyo sampuli inafaulu na kontena linaungua.

Mambo ya kiwandani, kabla hujaita kontena:

Siku 14. Mkaa ukae bila kufungwa, chini ya paa, hewa ikipita. Banda lililozibwa kwa turubai pande zote nne halihesabiki. Mizigo ya tarehe tofauti ikichanganywa, hesabu ianze na ule wa mwisho.

Joto. Siku ya kufunga lisizidi nyuzi 40. Tumia kipimajoto cha kuchoma na ukifikishe moyoni mwa rundo. Kile cha miale kinasoma ngozi ya nje tu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kwa jua la Dar, fungeni asubuhi.

Maboksi. Katoni ya kawaida ya dukani haikubaliki. Tafuta yenye alama ya UN inayoanza na 4G, kisha herufi X, Y au Z (kundi III linaruhusu zote tatu). Namba inayofuata herufi ndiyo uzito wa juu kwa kilo, boksi likiwemo. Mkaa wa kilo 10 kwenye boksi la Z10 umeshazidi.

BandariKavu_77:
Naongezea upangaji, maana hapo ndipo kontena hurudishwa. Kutoka juu ya mzigo hadi dari iachwe nafasi ya angalau sentimita 30. Halafu chagua moja: ama mzigo usizidi kimo cha mita 1.5, ama upange kwa mafungu yasiyozidi mita za ujazo 16 kila moja, na kati ya fungu na fungu pengo la sentimita 15 linaloshikiliwa na mbao.

Kwa futi 20 (ndani takriban mita 5.9 × 2.35 × 2.39) kimo cha 1.5 kinakupa kama mita 21 za ujazo. Mafungu mawili ya urefu wa 2.85, kimo 2.09, ni mita 14 kila moja, jumla 28. Ndiyo maana wengi huchagua mafungu. Angalizo kwa wanaotumia futi 40 yenye kimo kirefu (high cube): ukigawa mara nne na kujaza hadi sentimita 30 chini ya dari, kila fungu linafika kama 16.3. Umeshavunja sheria kwa kitu kidogo sana. Shusha kimo sentimita 10 zaidi.

Mbao ziwe kavu na zifungwe kweli. Pengo likizibwa na boksi lililoanguka njiani, mafungu mawili yamekuwa moja.

Nje ya kontena: bango la 4.2 (juu jeupe, chini jekundu) la sentimita 25 kwa 25, pande zote nne. Mzigo wa UN moja ukizidi kilo 4,000 namba 1361 nayo ionekane.

Wakala_Kurasini:
Ahsanteni sana. Kwenye tamko niandike "charcoal briquettes"?

Nahodha wa Nchi Kavu:
Hapana. Jina rasmi ni CARBON, animal or vegetable origin. Jina la biashara lije baada yake, si badala yake. Ongeza tarehe ya uzalishaji, tarehe ya kufunga na joto la siku hiyo. Cheti cha upakiaji wa kontena kisainiwe na aliyesimamia upakiaji. Wewe wakala usimsainie. Na usiandike 1362, hiyo ni kaboni amilifu. Zile za shisha zinazowaka kwa kiberiti kimoja zina chumvi ya kuwashia, hizo ziainishwe na maabara upya.

Mama Shehena:
Ili usishtukizwe tena: IMDG hubadilika kila miaka miwili. Toleo jipya huanza kwa hiari Januari ya mwaka witiri, na kuwa lazima Januari ya mwaka shufwa. La 43-26 litakuwa hiari 2027 na lazima 2028. Huo mwaka wa hiari ndio wa kazi. Chukua namba za UN unazosafirisha, ziwe kumi au ishirini, na kwa kila moja linganisha mstari wa toleo la zamani na jipya kwenye Orodha ya Bidhaa Hatarishi, hasa safu ya 6 (masharti maalumu) na ya 8 (ufungashaji). Anayesoma jina na daraja tu angeona 1361 iko vilevile, 4.2 ileile, na lile la 978 lingempita. Pakueni pia masahihisho ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa bahari), hutoka baada ya kitabu kuchapwa.

Ya ndege msiyachanganye. Kitabu cha IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege) hutoka kila mwaka, na huanza kutumika Januari 1 bila mwaka wa hiari.