Bingwa mpya wa baridi yabisi: mrithi wa kliniki ileile, hospitali ya kufundishia, au daktari wa mtandaoni?

Mleta mada:
Ndugu zangu, daktari bingwa aliyenitibu baridi yabisi kwa miaka mingi amefariki dunia, na katikati ya majonzi hayo ninalazimika kuamua nani ataendelea na matibabu yangu. Natumia methotreksati (dawa ya kutuliza kinga ya mwili inayoshambulia viungo) na asidi ya foliki (vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo), pamoja na prednisoloni (dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe) kwa kiwango kidogo. Ninaweza kubaki na daktari kijana aliyepokea wagonjwa wa marehemu, kuhamia kliniki ya mabingwa katika hospitali ya kufundishia, au kumtumia bingwa anayehudumia wagonjwa kwa simu ya video. Mliopitia hali hii mlizingatia nini?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana kwa msiba. Mimi ningeanza na huyo kijana, kwa kuwa majibu ya damu ya miaka yote na picha za eksirei za viganja viko mikononi mwake. Hata hivyo, faili halisemi kila kitu. Marehemu alijua bila kuandika viungo vyako hukakamaa kwa muda gani asubuhi na ni dawa ipi iliyokushinda. Yaandike hayo kwenye ukurasa mmoja, umkabidhi. Kisha mtazame: akivibonyeza vifundo vya vidole kimoja kimoja, akauliza kwa nini dawa fulani iliachwa, mpe nafasi. Akibadilisha dawa kabla ya kukugusa, usisite kutafuta mwingine.

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono hospitali ya kufundishia, hasa kwa mwenye matatizo nje ya viungo, kwani ugonjwa huu unaweza kushambulia hata mapafu na macho. Kwangu uliingia mapafuni, na bingwa wa kifua na wa viungo walijadiliana wakiwa na picha ileile mbele yao. Kero ni kwamba mara nyingi unaonwa na daktari tofauti aliye katika mafunzo ya ubingwa, ukaanza kujieleza upya. Inachosha, lakini kwa hali yangu niliona inavumilika.

Mchangiaji wa tatu:
Bingwa wa simu ya video anafaa kusoma majibu ya vipimo au kutoa maoni ya pili. Uvimbe wa kiungo unahitaji kushikwa, kwa hiyo nisingemfanya daktari wangu mkuu.

Mchangiaji wa nne:
Mada hii inahitaji tahadhari moja, nayo ni muda wa mpito. Mtu aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu asiiache ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huwa zimepunguza kutengeneza homoni ya asili inayofanana nayo, na kukatisha dawa kunaweza kuhatarisha maisha. Methotreksati nayo, kwa ugonjwa huu, humezwa mara moja tu kwa wiki. Wagonjwa wanapohamishwa, kosa la kuiandika kama dawa ya kila siku linaweza kutokea, na madhara yake kwenye uboho wa mifupa, unaotengeneza chembe za damu, yanaweza kuua. Omba siku ya kumeza iandikwe kwa jina kwenye cheti cha dawa. Vipimo vya ini na chembe za damu visisimame pia. Daktari wa kawaida anaweza kuviagiza wakati ukimsubiri bingwa.

Mleta mada:
Nawashukuru nyote kwa dhati. Kwa kuwa mapafu yangu hayajaguswa, nitaanza na daktari wa kliniki ileile, nikiwa na ukurasa wangu, na nitaomba nakala ya faili lote ili nikihitaji rufaa nisianze upya. Nitamweleza pia kwamba bado namlilia mtangulizi wake, asije akadhani ukimya wangu ni kutomwamini. Wiki hii nakwenda kwa daktari wa kawaida kuongezewa prednisoloni kabla haijaisha, na siku ya methotreksati nitahakikisha imeandikwa: Jumapili.